Namna ya Kuandaa Resitali ya Piano, Kutoka kwa Haydn Hadi kwa Watunzi wa Leo

Desturi ya mpiga piano kukaa jukwaani peke yake jioni nzima, bila mwimbaji wala okestra ya kupokezana nayo, haina umri mkubwa sana. Franz Liszt alianza kutoa maonyesho ya namna hiyo mwaka 1839, na mwaka uliofuata, alipopiga London, matangazo yake yaliyaita resitali. Kabla ya hapo hadhira ilizoea jioni za mchanganyiko, ambapo kipande cha piano kilifuatwa na wimbo, na wimbo ukafuatwa na sehemu ya simfoni. Mpiga piano Clara Schumann, aliyezaliwa mwaka 1819, alikuwa miongoni mwa waliozoesha watu kumwona mpigaji akipiga kwa kichwa, bila karatasi za nota mbele yake.

Mwongozo huu unamlenga mpigaji ambaye tayari anamudu sonata nzima, na sasa anataka kuandaa resitali yake mwenyewe inayoanzia enzi ya Klasiki, yaani ya akina Haydn na Mozart, na kufika kwa watunzi wa karne ya 20 na wa leo. Ugumu wa ratiba ya aina hiyo hautokani na wingi wa nota. Unatokana na ukweli kwamba watunzi hao waliandikia piano zisizofanana, ilhali wewe utakuwa na piano moja tu, mbele ya masikio yaleyale, kwa dakika 70 hadi 80 za muziki. Kwa hiyo kazi ni mbili: kuvipanga vipande ili kila kimoja kimwandae msikilizaji kwa kinachofuata, na kuuzoesha mkono na mguu wako kubadilika kila enzi inapobadilika. Hayo mengine yote, pamoja na mavazi na salamu za jukwaani, ni madogo kuliko hayo mawili.

Kuchagua na kupanga vipande

Wapigaji wengi hupanga vipande kwa kufuata miaka: Haydn, Beethoven, Chopin, Debussy, kisha kitu cha kisasa mwishoni. Mpangilio huo hauna kosa, lakini ukiuacha hivyo bila kuufikiria zaidi, kipande cha kisasa huangukia wakati masikio yamekwisha kuchoka, na msikilizaji hana chochote alichosikia mapema cha kukilinganisha nacho. Tafuta kwanza uhusiano wa kweli kati ya vipande, kisha ndipo utazame miaka. Uhusiano huo unaweza kuwa mtunzi mmoja aliyemwandikia mwenzake kipande cha heshima, au wazo moja la muziki lililoshughulikiwa na watu wawili waliotenganishwa na karne nzima.

Mfano mzuri unatokana na mwaka 1909, ulipotimia mwaka wa 100 tangu kifo cha Haydn. Jarida moja la muziki la Paris liliwaomba watunzi sita, miongoni mwao Debussy, Ravel na Dukas, kila mmoja aandike kipande kifupi cha piano juu ya jina la Haydn, herufi zake zikiwa zimegeuzwa kuwa nota: B, A, D, D, G. Ravel aliandika minueti, yaani kipande cha umbo la dansi ya zamani, isiyozidi dakika mbili hivi. Ukiiweka mara tu baada ya sonata ya Haydn mwenyewe, ukaianza bila kuinuka kitini, msikilizaji anavuka zaidi ya miaka 100 kwa hatua moja, na anasikia kwa masikio yake, bila hotuba yoyote, jinsi hamonia, yaani namna nota zinavyolia pamoja, ilivyobadilika wakati umbo la dansi limebaki lilelile.

Kutokana na mfano huo nimependelea ratiba ifuatayo, ambayo naieleza kwa kirefu kwa sababu ni rahisi kujifunza kupanga kwa kutazama ratiba moja iliyokamilika kuliko kwa kusoma kanuni. Nusu ya kwanza inafunguliwa na Sonata ya Haydn katika C meja, yenye namba XVI:50 katika orodha ya kazi zake iliyopangwa na Hoboken, ambayo Haydn aliiandika London mwaka 1794 au 1795 kwa ajili ya mpiga piano Therese Jansen. Inafuata minueti ya Ravel, kisha Impromptu ya tatu kati ya zile nne za Schubert za mwaka 1827, zenye namba D. 899 katika orodha ya kazi zake, na nusu hiyo inafungwa na Barcarolle ya Chopin, op. 60, iliyochapishwa mwaka 1846. Jumla ni kama dakika 35. Nusu ya pili inaanza na preludi ya Debussy ya kanisa lililozama baharini, *La cathédrale engloutie*, kutoka kitabu chake cha kwanza cha preludi cha mwaka 1910. Baada yake vinapigwa vipande vyote 11 vya *Musica ricercata* ya György Ligeti, alivyoviandika Hungaria kati ya mwaka 1951 na 1953, na jioni inamalizika kwa kipande cha mtunzi wa Kiafrika.

Ligeti amepewa nafasi kubwa katika ratiba hii kwa makusudi. Kipande cha kwanza katika mfululizo wake kinatumia nota moja tu, A, ikirudiwa katika oktavu zote za piano kwa midundo inayozidi kushika kasi, na ni mwishoni kabisa ndipo nota ya pili, D, inapoingia. Kipande cha pili kina nota tatu, cha tatu kina nne, na hesabu inaendelea hivyo hadi cha 11 kinachotumia zote 12. Msikilizaji ambaye hajawahi kusikia muziki wa kisasa hata siku moja anaweza kuufuata mpango huo, kwa sababu mtunzi anampa nyenzo kidogo kidogo. Wapo wanaochagua vipande vinne au vitano tu kutoka humo ili kuokoa muda, lakini kwa maoni yangu kufanya hivyo kunaondoa kile kinachoufanya mfululizo ueleweke. Ni afadhali umwache Schubert, kama dakika hazitoshi, kuliko kumkata Ligeti vipande.

Kuhusu kipande cha mwisho, uhusiano wa Ligeti na Afrika ni wa kweli na unastahili kutumiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alisikia rekodi za muziki wa Wabanda-Linda wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, na baadaye akasoma kwa makini uchunguzi wa mtafiti wa muziki Simha Arom kuhusu midundo ya eneo hilo. Etudi zake za piano, yaani vipande vya kunoa ufundi, alizoanza kuziandika mwaka 1985, zina alama ya wazi ya usikivu huo. Wakati huohuo watunzi wa Kiafrika wenyewe walikuwa wakiiandikia piano. Akin Euba wa Nigeria alilea wazo la upigaji piano wa Kiafrika, unaokichukulia chombo hiki kama familia ya ngoma na marimba; Kwabena Nketia wa Ghana aliandika vipande vifupi vya kufundishia ambavyo hata mwanafunzi wa ngazi ya kati anavimudu; na Joshua Uzoigwe, pia wa Nigeria, aliandika mkusanyo wa *Talking Drums*, wenye kipande cha *Ukom* kinachotokana na ngoma za Waigbo zilizopangwa kwa sauti. *Ukom* kinafaa sana kufunga jioni iliyopitia kwa Ligeti. Mpigaji anayetaka mtunzi aliye hai atazame etudi sita za Unsuk Chin wa Korea Kusini, aliyekuwa mwanafunzi wa Ligeti mjini Hamburg, ingawa etudi hizo ni ngumu mno na zinahitaji maandalizi ya muda mrefu. Arvo Pärt wa Estonia ana *Für Alina* ya mwaka 1976, yenye idadi ndogo ya nota za kupigwa kuliko kipande chochote nilichokitaja hapa.

Mguu wa kulia

Mpigaji anaweza kuwa na vidole vyepesi, akajua tofauti ya mitindo yote vitabuni, na bado resitali yake ikasikika kama kipande kimoja kirefu kwa sababu mguu wake wa kulia unakanyaga pedali, kile kikanyagio kinachoziacha nyuzi ziendelee kulia, kwa namna moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi.

Anza na Haydn. Katika sehemu ya kwanza ya sonata hiyo ya C meja, Haydn aliandika mara mbili maagizo ya kufungua pedali, kwa Kiingereza kwa kuwa alikuwa Uingereza, juu ya vifungu vinavyopigwa kwa sauti ya chini sana. Kwenye piano za London za wakati ule sauti ilififia haraka, kwa hiyo nota zilizoachwa zichanganyike zilifanya ukungu mwepesi, sauti iliyotoka mbali. Ukikanyaga pedali ya piano ya leo hadi chini kwa vifungu vyote hivyo, sauti zitachanganyika kama tope. Dawa ni kukanyaga nusu: shusha pedali polepole mpaka vipande vya sufi vinavyozima nyuzi viinuke kidogo tu na kuendelea kuzigusa, ukiikanyaga pia pedali ya kushoto ili kulainisha sauti, na uache mchanganyiko ujifute wenyewe kidogo kidogo. Fanya zoezi hili nje ya kipande. Piga C ya chini kwa nguvu, iachie ukiwa umekanyaga robo, kisha theluthi, kisha nusu, na usikilize inachukua muda gani kufa. Sehemu iliyobaki ya sonata ipigwe karibu kikavu. Mada inayofungua sehemu ya kwanza ni nota moja moja zilizotenganishwa na vituo, na kila kituo ni muziki. Katika sehemu ya tatu Haydn anausimamisha muziki ghafla juu ya kodi, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja, ambayo haikutarajiwa, kisha ananyamaza. Usiuharakishe ukimya huo, kwa maana mzaha wote wa mtunzi umo ndani yake.

Kwa Chopin pedali inageuka kuwa pumzi ya kipande. Mkono wa kushoto wa Barcarolle unayumba kwa mapigo ya 12/8 kama mtumbwi, na nota ya besi inayoanzisha kila mwendo lazima idumu chini ya melodi hata baada ya kidole kuiacha. Chopin aliweka alama zake za pedali kwa uangalifu mkubwa, kwa hiyo tumia chapa iliyorejea miswada na matoleo ya kwanza, kama za mchapishaji Henle, na uanze kwa kuzitii alama hizo kabla ya kuzirekebisha kwa piano yako. Badilisha pedali baada ya nota kusikika, si pamoja nayo. Jambo jingine kuhusu kipande hiki linampa mpigaji uhuru: mpiga piano Charles Hallé, aliyehudhuria onyesho la mwisho la Chopin mjini Paris mwezi Februari 1848, alisimulia kwamba sehemu ya kuelekea mwisho, ambayo nota zinadai sauti kubwa, Chopin aliyekuwa mgonjwa aliipiga kwa sauti ya chini kabisa, na ikapendeza.

Debussy, tofauti na Chopin, haandiki alama nyingi za pedali. Anakuambia kwa njia nyingine: anaandika nota ndefu ya besi ambayo mkono hauwezi kuendelea kuishika kwa sababu unahitajika juu, na hapo unajua kwamba pedali ndiyo inayoishika. Kanyaga kwa kina, lakini uruhusu hamonia zilizo juu zisafishwe kwa mitikisiko midogo ya unyayo. Katika preludi ya kanisa lililozama kuna tatizo la mwendo ambalo wapigaji wengi hawalijui. Mwanzoni mwa kipande kuna alama mbili za mapigo, 6/4 na 3/2, na nota peke yake hazisemi wazi zinahusiana vipi. Debussy mwenyewe aliurekodi utunzi huu kwenye karatasi za piano ya kujiendesha za kampuni ya Welte, na humo anasikika akiongeza mwendo mara mbili kuanzia kipimo cha saba, yaani kigawanyo cha saba cha mapigo kwenye karatasi ya nota. Ukifuata njia yake, kipande kinainuka kutoka majini kwa nguvu moja. Ukikipiga chote kwa mwendo wa mwanzo, kinachosha kabla ya kilele chake. Nashauri bila kusita umfuate mtunzi.

Kwa Ligeti mguu urudi karibu na ukavu wa Haydn, na hili ndilo lililonifanya niviweke vipande hivi viwili katika jioni moja. Nota zinazogongwa kwa ukali, vituo vyenye uzito, utani wa ghafla: masikio yaliyokwisha kumsikia Haydn yanavitambua. Kipande cha saba tu ndicho kinachodai kitu kipya kabisa, kwa kuwa mkono wa kushoto unazungusha nota saba bila kukoma, kwa mwendo wa haraka, huku wa kulia ukiimba polepole kana kwamba hausikii kinachotokea chini. Jifunze mkono wa kushoto peke yake mpaka uweze kuupiga huku unazungumza na mtu, ndipo uongeze melodi.

Wengi wetu Afrika Mashariki tulianza kwenye kinanda cha kanisani, ambako sauti hudumu kwa kushikilia vidole na mguu wa kulia hauna kazi hii, na wengine tunafanyia mazoezi kwenye piano za umeme ambazo pedali yake ni swichi tu, ama imewaka ama imezimwa. Hakuna nusu pedali kwenye swichi. Kama hiyo ndiyo hali yako, tafuta mapema piano ya nyuzi, ya shule, ya kanisa au ya hoteli, hata kama ni kwa saa chache kwa wiki, na uitumie kwa kazi ya pedali pekee. Vidole vinaweza kujifunzia nyumbani.

Mazoezi na kukariri

Anza na muziki mpya. Kipande cha Ligeti au Uzoigwe hakina njia za vidole ulizozizoea tangu ngazi za awali, kwa hiyo kinachukua muda mrefu kukaa mwilini, na kikiachwa hadi mwezi wa mwisho kitabaki kuwa kitu cha kuogopwa jukwaani. Miezi sita ni muda wa kuridhisha kwa ratiba niliyoieleza, iwapo angalau vipande viwili umeshawahi kuvipiga. Andika namba za vidole mapema na usizibadilishe ovyo.

Kukariri kwa kupitia kipande kutoka mwanzo hadi mwisho kunajenga kumbukumbu inayotegemea mkono peke yake, na mkono ukipotea hakuna wa kuurudisha. Gawa kila kipande katika vituo, kila kimoja cha vipimo nane hadi 16, uvipe namba, kisha ujizoeze kuanzia kituo chochote unachotajiwa na mwenzako. Kwa sonata ya Haydn ongeza hatua nyingine: pale kifungu kinapojirudia baadaye katika ufunguo tofauti, yapige matoleo hayo mawili mfululizo na ujitajie kwa sauti mahali hasa yanapoachana. Wapigaji wengi hupotea hapo, wakajikuta wamerudi mwanzo wa sehemu bila kujua.

Hakuna aibu kutumia karatasi kwa muziki wa kisasa. Sviatoslav Richter, mmoja wa wapigaji wakubwa wa karne ya 20, miaka yake ya mwisho alipiga akiwa na nota mbele yake na taa ndogo katika ukumbi uliofunikwa na giza. Ukitumia kishikwambi, zima mawasiliano yote, hakikisha kimejaa chaji, na uwe na karatasi za akiba. Kazi za Haydn, Schubert na Chopin zinapatikana bure kihalali. Za Ligeti bado zina hakimiliki na zinapaswa kununuliwa kwa mchapishaji wake, Schott.

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, piga ratiba yote bila kusimama mbele ya watu wachache, hata kama ni jamaa sebuleni, ukiwa umevaa viatu utakavyovaa jukwaani. Viatu vina umuhimu, kwa sababu soli nene huondoa hisia ya nusu pedali.

Ukumbi na piano yenyewe

Piano kubwa ya ukumbi ina urefu unaokaribia mita 2.75 na nyuzi zaidi ya 200, na kila moja ina tabia yake. Omba saa mbili za kuizoea. Saa ya kwanza usipige vipande. Tafuta kwanza pedali inaanza kushika wapi, kisha sauti ya chini kabisa ambayo nyundo bado zinaitika, kisha mpaka ambapo sauti kubwa inageuka kuwa kelele. Mwombe mtu akae kiti cha nyuma akuambie kama mkono wa kushoto unaufunika wa kulia. Kumbuka kwamba ukumbi ukijaa watu utameza mwangwi, kwa hiyo pedali iliyoonekana nyingi mchana inaweza kutosha usiku.

Fundi aitengeneze sauti, A ikiwa na mitetemo 440 kwa sekunde, baada ya mazoezi yako ya asubuhi, na kama inawezekana abaki hadi mapumziko ili arekebishe nota zilizolegea, kwa maana oktavu zinazogongwa katika kipande cha kwanza cha Ligeti zinaitesa piano. Pwani, kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa, unyevu wa hewa huvimbisha mbao, vibonye vikang'ang'ania na sauti ikapanda; usiihamishe piano siku hiyo kutoka chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye ukumbi wa wazi, kwa sababu haitatulia kabla ya jioni.

Ukiamua kuingiza kipande kinachogusa nyuzi moja kwa moja, kama *Aeolian Harp* ya Henry Cowell, ambapo mkono mmoja unabonyeza kodi kimyakimya huku mwingine ukipapasa nyuzi, omba kwanza ruhusa ya mwenye piano, nawa mikono uikaushe vizuri, na uchunguze fremu ya chuma: mihimili yake haikai mahali pamoja katika piano zote, na nyuzi ulizozifikia nyumbani zinaweza kuwa zimezibwa ukumbini. Weka alama kwa chaki, wala usigundishe kitu chochote kwenye vipande vya sufi.

Jioni yenyewe

Katika karatasi ya ratiba andika mwaka wa kila kipande na sentensi mbili au tatu, si zaidi. Kabla ya Ligeti ni vizuri kusimama na kuieleza hadhira kwa dakika moja ile hesabu ya nota, ukiwapigia A peke yake, kisha D. Watu wakijua cha kusubiri, husikiliza kwa utulivu wa ajabu. Waombe pia wasipige makofi hadi kipande cha 11 kiishe, na baina ya vipande hivyo usiitoe mikono yako mbali na vibonye.

Kipande cha nyongeza kiwe kifupi na kiwe tayari, kwa kuwa makofi hayasubiri mtu anayefikiria. Ikiwa umefunga kwa *Ukom*, usilete tena mdundo mkali. Debussy naye aliandika kipande chake juu ya zilezile nota tano za jina la Haydn mwaka 1909, na hakichukui muda mrefu. Taja jina lake kwa sauti ya kufika nyuma ya ukumbi, kaa, na upige.